Neema ya Kupendana: Habari za Wazee Wetu wa Masasi



Kila ufikapo mwaka wa jubilei, Wakristo wana desturi ya kuhesabu. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, twahesabu waliobatizwa na kupewa Kipaimara, shule na nyumba za wagonjwa, na mapadre waliotoka katika jamaa zetu. Hesabu hizo ni njema, nazo zimeandikwa na wengine katika kitabu hiki. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika habari za kale tumeona vema kuuliza jambo moja lisilohesabika. Wazee wetu wa kwanza katika imani, ambao wengi wao walikuwa wamenunuliwa na kuuzwa kama mbuzi, waliupata wapi moyo wa kurudi bara na kukaa kwa upendo kati ya watu wa makabila yaliyowauza? Maana jambo hilo lilitendeka kweli katika nchi yetu, wala si hadithi ya kuwafurahisha watoto jioni.

Wahenga wamesema ya kuwa damu ni nzito kuliko maji. Maana yake, mtu huvutwa na jamaa yake kuliko na mgeni, na siku ya shida kila mmoja hutazama upande wa mama yake na baba yake. Kwa jinsi ya mwili neno hilo ni kweli. Lakini habari za Kanisa letu zaonyesha ya kuwa yako maji yaliyoishinda damu kwa uzito, nayo ni maji ya Ubatizo. Tutasimulia jinsi ilivyokuwa, wala hatutayaficha makosa, kwa kuwa neema haionekani vizuri pale ambapo udhaifu umefunikwa.

Soko na Altare

Tarehe 4 Desemba 1857 Dakta David Livingstone alisimama mbele ya wakuu na wanafunzi wa chuo kikuu cha Cambridge katika Uingereza, akawasihi wasiisahau Afrika. Kwa maneno yake na ya wengine ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo ndiyo mama wa dayosisi yetu. Livingstone alikuwa ameiona biashara ya watumwa kwa macho yake. Katika maandiko yake alitaja habari aliyopewa na balozi wa Kiingereza wa Unguja, kwamba watu 19,000 waliotoka katika nchi za Nyasa peke yake walikuwa wakipita kila mwaka katika forodha ya Unguja. Na wale waliokufa njiani hawakuandikwa katika daftari lo lote.

Askofu wa kwanza wa misheni, Charles Mackenzie, alifika katika nchi ya mto Shire mwaka 1861, akifuatana na Livingstone. Mwezi wa Julai walikutana na msafara wa watumwa waliofungwa makongwa shingoni. Wenye msafara wakakimbia, nao waliofungwa wakafunguliwa. Miongoni mwao alikuwamo mtoto mwanamume wa Kiyao, jina lake Chuma, ambaye tutamtaja tena. Askofu aliwakalisha watu wale mahali paitwapo Magomero, akawalisha na kuwafundisha. Lakini yatupasa kukiri ya kuwa katika mwaka ule ule wamisheni walishika bunduki wakapigana na Wayao, wakidhani ndiyo njia ya kuwaokoa wanyonge. Kazi ile haikusimama. Askofu Mackenzie alifariki kwa homa tarehe 31 Januari 1862, na wenzake wengine wakafa, na hatimaye misheni ikauacha mto Shire. Tangu mwanzo, basi, Mungu aliwafundisha ya kuwa mtu aweza kumfungua mwenziwe minyororo kwa nguvu, lakini kuwapatanisha watu wawili hakuwezekani kwa bunduki.

Tarehe 31 Agosti 1864 Askofu Tozer na Dakta Edward Steere walishuka pwani ya Unguja. Seyyid Majid, mfalme wa Unguja, akawapa watoto watano wanaume waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Wasomaji wetu na waufikiri mwanzo huo. Kanisa letu halikuanza kwa wafalme wala kwa wenye elimu. Lilianza kwa watoto watano wasio na baba wala mama karibu, wasiojua lugha ya wale waliowapokea, ambao jana yake walikuwa ni mali ya watu. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879.

Hapo ndipo twaona jambo la kwanza juu ya neema ya kupendana. Watoto wale hawakufanya neno lo lote ili wapendwe. Walilishwa, wakavikwa, wakaitwa kwa majina yao, kabla hawajajua hata kusema ahsante. Mtu hawezi kutoa kitu ambacho hajapokea. Mtume Yohana aliwafundisha Wakristo wa zamani ya kuwa upendo wetu ni jibu tu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyetangulia kupenda. Wazee wetu walilijua fundisho hilo katika miili yao kabla ya kulisoma katika kitabu.

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kuifunga biashara ya watumwa ya baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Misheni ikapata kiwanja cha soko lile huko Mkunazini, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu. Wazee husimulia ya kuwa altare ilisimamishwa mahali pale pale ulipokuwapo mti wa kuwafungia watumwa na kuwapiga viboko. Seyyid Barghash, ingawa si Mkristo, alitoa saa ya mnara kwa ujirani mwema. Dakta Steere, aliyefanywa Askofu mwaka 1874, alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare ile.

Hawakukimbia mahali pa aibu wakatafute mahali safi pa kumwabudia Mungu. Pale ambapo mtu alikuwa akipewa bei, pakawa mahali pa kumpokea Yeye aliyejitoa bila bei. Hata lugha nayo ikakombolewa. Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara na ya soko. Dakta Steere akakiandikia kitabu cha mafundisho ya lugha kilichotoka mwaka 1870, na Biblia nzima ikapatikana katika Kiswahili cha Unguja mwaka 1891. Maneno yaliyotumiwa kupatana bei ya watu yakawa maneno ya sala.

Chuma na Susi

Sasa turudi kwa yule mtoto Chuma. Alipelekwa Bombay katika Bara Hindi, akasoma, akabatizwa mwaka 1865, akapewa jina la James. Mwaka 1866 akarudi Afrika pamoja na Livingstone, wala hakumwacha mpaka mwisho. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, katika mji wa Chitambo, Livingstone alionekana amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Watumishi wake wangaliweza kumzika pale pale na kwenda zao. Hapakuwa na mtu wa kuwaamuru. Lakini Chuma, na mwenziwe Abdullah Susi, na wengine waliokuwa pamoja nao, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874.

Yafaa tukumbuke ya kuwa wakati ule Susi alikuwa Mwislamu; hakubatizwa hata mwaka 1886. Twaandika hivyo makusudi, kwa kuwa wako Wakristo wasemao kana kwamba upendo haujulikani nje ya Kanisa. Hatusemi hivyo. Bwana wetu mwenyewe, alipotaka kuonyesha jirani ni nani, alimchagua Msamaria, mtu wa dini iliyodharauliwa na wale waliomsikiliza. Mungu hupanda mbegu ya wema katika kila moyo aliouumba. Imani haitupi ruhusa ya kujivuna mbele ya jirani zetu. Bali yatutia deni kubwa zaidi, kwa kuwa tumeonyeshwa mahali ilipo chemchemi yenyewe, nasi twaweza kuiendea kila siku.

Mwaka 1875 Dakta Steere alikwenda kwa miguu kutoka Lindi mpaka Mwembe kwa Mataka, mfalme wa Wayao, akiitafuta njia ya Nyasa, naye Chuma akawa pamoja naye. Mtoto aliyetolewa kwao katika msafara wa watumwa sasa aliuongoza msafara wa Injili.

Safari ya Kurudi

Katika Unguja wale waliofunguliwa waliongezeka mwaka hata mwaka, kwa maana manowari za Kiingereza zilizidi kukamata majahazi. Shule ya wanaume ilikuwa Kiungani, na shamba la Mbweni, lililonunuliwa mwaka 1871, likawa makao ya watu huru. Huko Mbweni Bibi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877, aliwafundisha wasichana kwa miaka mingi, wala hakurudi kwao, akafa katika kisiwa kile mwaka 1926. Maisha ya Mbweni hayakuwa mabaya. Palikuwa na shamba, na kanisa, na usalama wa bahari kati yao na wale waliowakamata.

Lakini mwaka 1876 Askofu Steere alikusanya watu wazima zaidi ya 50, wanaume na wanawake, waliokubali kurudi bara. Wakaenda kwa jahazi hata Lindi, kisha wakaanza safari ya miguu. Nia yao ilikuwa kufika karibu na Nyasa. Walipofika Masasi waliona ardhi njema na maji, majabali makubwa yaliyosimama kama ngome, na watu waliowapokea; wakaona wamekwisha kuwa karibu na kwao. Wakaomba wakae. Padre William Percival Johnson akaachwa pamoja nao, na Askofu akarudi pwani. Hivyo ndivyo Masasi ulivyozaliwa.

Twaombeni ndugu wasomaji wasipite hapa upesi. Njia za kutoka Nyasa kwenda Kilwa na Lindi zilikuwa njia za machozi. Katika watu wale walikuwamo waliozipita wakiwa watoto, wamefungwa, wakiwaona wazee wao wakiachwa porini kwa kushindwa kwenda. Sasa walielekea huko huko, wakijua ya kuwa misafara ilikuwa bado inapita, na ya kuwa katika vijiji watakavyojirani navyo wamo watu waliouza watu. Nani aliyewauza wazee wetu? Watoto wetu hufundishwa ya kuwa ni wageni waliotoka pwani. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mara nyingi mkono wa kwanza ulikuwa mkono wa jirani, na pengine mkono wa mjomba, kwa sababu ya deni, au njaa, au vita ya vijiji viwili.

Hapo wakristo wale wakawa kama Yusufu mwana wa Yakobo, aliyeuzwa na ndugu zake, akawalisha siku ya njaa. Tofauti ni kwamba Yusufu alikuwa mkuu katika Misri wakati ndugu zake walipomjia. Wazee wetu walirudi hawana ukuu wo wote, wana jembe na kitabu tu.

Wala tusidhani kwamba walikuwa malaika. Yako makosa yaliyowashika tangu mwanzo. Wengine walijiona kuwa ni watu wa pwani walioelimika, wakawaita wenyeji washenzi, wakapenda kuvaa kanzu na kusema Kiswahili ili waonekane bora kuliko Wamakua na Wamakonde waliowakuta. Yaani mtu aliyedharauliwa jana alitafuta leo wa kumdharau. Twalitaja jambo hilo kwa sababu latufundisha jinsi neema inavyofanya kazi. Haishuki siku moja kama mvua ya masika ikamaliza yote. Hufanya kazi kama chachu katika unga: kimya, polepole, na mtu aliyeikanda hana budi kungoja.

Jaribu la Mwaka 1882

Mwezi wa Septemba 1882 vita vikaja Masasi. Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara siku zile, waliushambulia mji wa Wakristo. Nyumba zilichomwa, watu wengine waliuawa, na wengine, pamoja na wanawake na watoto, wakachukuliwa mateka. Wakumbukeni watu hao. Walikuwa wamekwisha kutekwa mara moja katika maisha yao, wakafunguliwa, wakajenga, na sasa wakatekwa mara ya pili. Mateka wakatafutwa, na baadhi yao wakakombolewa. Padre Chauncy Maples akahamia Newala, kwa Matola, mfalme wa Kiyao aliyekuwa rafiki wa misheni, na kwa muda ikawa kana kwamba Masasi umekufa.

Hapa ndipo mtu angaliweza kusema, "Tumejaribu kuwapenda watu wa nchi hii, na malipo yetu ndiyo haya." Na kwa akili ya kibinadamu angalisema kweli. Upendo unaotoka katika moyo wetu wenyewe hufanya hesabu: nimetoa kiasi gani, nimerudishiwa kiasi gani? Hesabu isipolingana, hufungwa. Lakini wamisheni na Wakristo hawakuiacha nchi. Kazi ikaendelea Newala, Masasi ukajengwa tena, na mahubiri yakaenea katika vijiji vilivyouzunguka. Siku hizi Wangoni, na Wayao, na Wamakua, na Wamakonde hupiga magoti katika reli moja ya altare, wala hakuna amwulizaye mwenziwe ni babu wa nani aliyechoma nyumba ya nani.

Majaliwa wa Chitangali

Kati ya wote waliorudi, twapenda kumtaja mmoja zaidi, naye ni Padre Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao kwa kuzaliwa. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akafika Unguja, akafunguliwa, akalelewa Kiungani. Alisoma pia katika chuo cha Mtakatifu Augustino huko Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 Askofu Smythies alimfanya shemasi, akapelekwa Chitangali kwa mfalme wa Kiyao Nakaam, ambaye katika Ubatizo jina lake ni Barnaba. Mwaka 1890 Majaliwa akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika Misheni ya Vyuo Vikuu kuipata daraja hiyo. Alikaa Chitangali mpaka mwaka 1897.

Watu wake wa damu ndio waliojulikana katika nchi zote kwa kuongoza misafara ya pembe na watumwa. Na Mungu akamrudisha kwao, si kuwadai, bali kuwabatiza. Kila alipommiminia mtoto wa Kiyao maji katika jina la Utatu Mtakatifu, mkono uleule uliowahi kufungwa ukawa mkono wa kufungua. Kama damu ingalikuwa ndiyo nguvu ya mwisho, Majaliwa angaliwachukia kwa kuwa walikuwa damu yake na walimwuza. Maji yalishinda.

Baada yake wakaja wengine. Mwaka 1898 Yohana Abdallah, Myao vilevile, alipata upadre, akafanya kazi Unangu kwa miaka mingi, ndiye aliyeandika historia ya kabila lake kwa Kiyao.

Vita na Uponyaji

Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika kwetu, na kituo cha Masasi kikachomwa moto. Hatuwahukumu waliopigana, walikuwa wamechoshwa na kodi, na viboko, na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba ya Wajeremani. Waliambiwa maji yatawakinga na risasi, wakaamini, na maelfu wakafa, na njaa ikafuata. Wakristo wakarudi katika majivu wakaanza tena, wakiishi na jirani wale wale.

Vita vya mwaka 1914 vilipotokea, wamisheni wa Kiingereza waliwekwa kifungoni na Serikali ya Kijeremani. Mapadre na walimu wa Kiafrika ndio walioshika makanisa, na walimu wengine wakatiwa gerezani kwa kudhaniwa wapelelezi. Katika mwaka 1916 Askofu Frank Weston wa Unguja alitembea kwa miguu pamoja na wapagazi aliowakusanya, ili wasionewe njiani. Na vita vilipokwisha, mwaka 1920 akaandika kijitabu cha kuipinga kazi ya kulazimishwa katika Afrika Mashariki, akiilaumu serikali ya nchi yake mwenyewe. Huo nao ni upendo, kwa maana kumpenda mtu na kunyamaza anapodhulumiwa ni mambo yasiyopatana.

Dayosisi yetu ikakatwa katika ile ya Unguja mwaka 1926, na Askofu wetu wa kwanza akawa Vincent Lucas. Katika miaka yake upendo ukapata mikono mingi: Lulindi pakawa nyumba ya wagonjwa, alikofanya kazi Dakta Leader Stirling aliyefika mwaka 1935, pamoja na wauguzi wa Kiafrika. Mwaka 1946 likaanzishwa shirika la masista wa Kiafrika, Chama cha Mariamu Mtakatifu, ambamo binti za makabila mbalimbali huitana dada, na jina hilo si la mdomo tu.

Neema Haiwekwi Ghalani

Sasa twaja kwa neno lililotufanya tuandike. Wana wa Israeli walipokuwa jangwani walipewa mana kila siku, na kila aliyeiweka akiba mpaka asubuhi aliikuta imeoza. Neema ya kupendana ni kama mana hiyo. Haturithi upendo wa Majaliwa kama mtu arithivyo shamba. Wajukuu wa watakatifu waweza kuwa wakali kama watu wengine.

Twasema kwa aibu yaliyotupata sisi wenyewe. Makatekista huitwa mara nyingi kukaa katika baraza za posa. Siku moja tulikaa katika baraza kama hiyo: kijana ni Mkristo mwema, ana kazi ya mikono yake, na binti amekubali. Kisha mzee mmoja akamwinamia mwenziwe akanong'ona, "Wazee wa kijana huyu walikuja na misheni; kwao hasa ni wapi?" Wote walielewa. Utumwa ulikuwa umekwisha kufutwa katika sheria ya Unguja tangu mwaka 1897, na katika sheria ya Tanganyika tangu mwaka 1922, lakini katika baraza ile ulikuwa ungali hai. Posa ikaahirishwa. Nasi tulinyamaza kwa kuwaogopa wenye nyumba. Tukala wali wao, tukaenda zetu.

Usiku ule sala zetu zilikuwa nzito. Tukaungama dhambi ya kunyamaza, na siku ya tatu tukarudi kwa mzee yule, tukamsimulia habari za Majaliwa kama tulivyoziandika hapa. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, mzee wetu wa kale alikuwa mwenye msafara. Nyumbani kwetu twalijua jambo hilo, wala hatulitaji. Nilipomwona kijana, niliogopa ya kuwa siku moja watatuuliza." Hapo tukajua tulilokuwa hatulijui: huwa tunamdharau mtu si kwa kuwa ni mdogo, bali kwa kuwa tumemkosa, nasi twaogopa macho yake. Jamaa zile mbili zikaitwa, maneno yakasemwa waziwazi, na machozi yakatoka pande zote mbili. Ndoa ilifungwa, si mwaka ule, bali mwaka uliofuata.

Tukiulizwa, basi, neema hiyo hupatikana kwa njia gani, twajibu kwa maneno mepesi ambayo kila mtu aliyefundishwa katekisimu ayajua. Kwanza ni kukumbuka Ubatizo wetu, ya kuwa tulipendwa kabla hatujastahili. Pili ni kuungama, kwa kuwa asiyejua amesamehewa nini hana cha kumsamehe mwenziwe. Tatu ni Meza ya Bwana, ambapo mtu hawezi kuchagua ni nani apige magoti kando yake. Nne ni kumwombea kwa jina lake mtu yule ambaye moyo wetu haumtaki, hata kama sala hiyo ni kavu. Na mwisho ni kumtendea wema kabla moyo haujalainika, maana mara nyingi moyo hufuata mikono. Yeye angojaye mpaka ajisikie kupenda, atazeeka angali anangoja.

Walimu wapendwa, tunawasihi muwafundishe watoto majina haya: Swedi, Chuma, Susi, Majaliwa. Wala msiwafundishe kwa majivuno kana kwamba wema wao ni akiba yetu. Waambieni ya kuwa watu wale waliuzwa na watu wa nchi hii, na ya kuwa sisi ni wazao wa waliouzwa na wazao wa waliouza, tumechanganyika hata hakuna awezaye kututenga. Na katika kisima kimoja tulizaliwa mara ya pili.

Bwana Yesu Kristo, aliyeuzwa kwa vipande thelathini vya fedha naye akawaombea waliomwua, atujalie sisi na watoto wetu neema ya kupendana, siku kwa siku, mpaka jubilei ile isiyo na mwisho. Amina.